Pikipiki imelala miaka minne, imeamka na kelele: usikimbilie kushusha injini

Mwaka jana nilirithi Honda CG125 ya marehemu baba mdogo. Kusema nilirithi ni kujikweza kidogo. Shangazi alichoka kuiona stoo ikila nafasi ya magunia ya mahindi, akanipigia simu niende Korogwe nikaiondoe, la sivyo angempa mtu wa vyuma chakavu. Ilikuwa imelala miaka minne, tairi zimekaa chini, buibui wamejenga mpaka kwenye spidomita.

Kabla ya kupiga kiki nilifanya mambo machache ya maana. Nilifungua plagi, nikamimina kijiko cha oili ndani ya silinda, nikaiacha ilale. Injini ikikaa muda mrefu oili yote hushuka chini, ukuta wa silinda unabaki mkavu na kutu laini huanza. Ukiiwasha hivyo ringi zinakwangua. Asubuhi nikapiga kiki taratibu bila plagi mpaka ikawa nyepesi. Nikabadilisha oili, nikamwaga petroli ya zamani iliyokuwa inanuka kama rangi. Kwenye boksi la hewa nilikuta panya walishahamia: maganda ya mahindi, na sponji ya filta imetafunwa yote. Kabureta sikuigusa. Nilijiambia petroli mpya itaisafisha yenyewe, na uvivu huo nitaurudia hapo chini.

Ikawaka kiki ya kumi na kitu. Furaha haikumaliza dakika: tak-tak-tak-tak, kama mtu anapiga sufuria kwa kijiko.

Fundi wa jirani alisikiliza akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, hata hakushuka. "Kaka, hiyo konrodi imekwisha. Tushushe injini." Konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti inayozunguka chini. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni kwamba nilipomuuliza sauti inatoka upande gani, akasema pengine ni taimingi cheni, ile cheni ya ndani inayoendesha vavu. CG125 haina taimingi cheni. Honda waliibuni miaka ya 1970 kwa watu wanaosahau sevisi, na vavu zake zinasukumwa na fito mbili zinazopanda kutoka chini. Boxer ina cheni, CG haina. Basi nikajua tunabahatisha.

Nikaanza na mdundo. Kwenye injini ya mipigo minne vavu hufunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, na moshi nao hutoka mara moja kwa mizunguko hiyo hiyo miwili. Punguza sailensa (mwendo wa injini ukiwa hujavuta mafuta) iwe chini kabisa, weka kiganja nyuma ya ekzosi bila kuigusa. Kila "pu" ya moshi ikienda na "tak" moja, tafuta juu: tapeti (skrubu zinazosukuma vavu), au moshi unaovuja. Ukisikia kama "tak" mbili kwa kila "pu", hapo tafuta chini, pistoni au konrodi. Huwezi kuhesabu kwa namba, lakini ukitulia sikio linashika. Yangu ilikuwa "tak" moja kwa "pu" moja.

Kisha mahali. Bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Watu wakipita watakucheka, waache. Kwenye boksi la klachi kulikuwa na mngurumo tu, chini kimya, kwenye kichwa cha silinda kelele tele. Nikapima tapeti injini ikiwa baridi, pistoni juu kabisa, yaani alama ya T ya kwenye rota imelingana, huku tapeti zote mbili zikiwa na mchezo (nafasi ndogo). Ukikuta T imelingana lakini tapeti imebana, zungusha krenki mara moja zaidi, kwani pistoni imefika juu kwa mpigo usio wake. Kipimo cha mchezo huo kwa CG125 ni milimita 0.08 kwa vavu zote mbili. Ya kuingiza ilikuwa sawa, ya kutolea moshi imelegea sana. Nikairekebisha, sauti ikapungua nusu. Nusu tu!

Nusu iliyobaki ilinila siku mbili. Mwishowe nikapaka maji ya sabuni pale ekzosi inapoingia kwenye silinda, injini ingali baridi, nikawasha. Mapovu. Gasketi ya pale imeoza na nati moja imelegea kwa kutu. Moshi unaochoropoka hapo hulia tak-tak sawasawa na tapeti, na umewafanya watu wengi wabane tapeti hadi vavu zikaungua. Gasketi haikufika hata bei ya lita moja ya petroli.

Nikaenda nayo barabarani, tambarare safi. Kupanda kilima na gunia nyuma, ikaja sauti mpya: njegere zinatikiswa ndani ya kopo. Nikiachia mafuta inakata. Hapa ndipo uvivu wangu wa kabureta ulipolipwa. Jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli, zilikuwa na utando wa petroli iliyogandia, hewa inazidi mafuta, injini inachemka na mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake. Nilifungua jeti zote, nikazipuliza kwa upepo wa kompresa (usichokonoe kwa waya, utapanua tundu), nikaweka filta mpya. Njegere zikaisha.

Kama ingekuwa konrodi kweli, ungesikia "go, go" nzito inayozidi injini ikipata moto na ikibeba mzigo. Pistoni iliyolegea hufanya kinyume: hugonga asubuhi, ikipata moto inanyamaza. Hiyo ya pili unaweza kuishi nayo muda. Ya kwanza zima hapo hapo, sukuma.

Baada ya kilomita 300 nilimwaga oili tena, maana ile ya kwanza hubeba kutu na uchafu wote wa miaka. Nikaichuja kwenye kitambaa cheupe: unga mweusi, hakuna kipande cha chuma.

Mngurumo wa klachi bado upo. Ukishika mkono wa klachi unapotea, ukiachia unarudi. Mpwa wangu kila akipanda ananiambia, "Mjomba, bado inalia." Namwambia najua, na najua inalia wapi.