Maswali ya wasomaji: Linux mezani

Wateja wangu huleta barua na mitihani iliyoandikwa kwa Word. Nikifungua kwa LibreOffice, ukurasa mmoja unakuwa miwili na mahali pa sahihi panahama. Wanasema programu za bure ni mbovu. Nifanyeje?
*Mwenye steshenari, Tanga*

Mara nyingi tatizo ni fonti. Calibri na Cambria ni mali yenye leseni, kwa hiyo haziji na Linux. LibreOffice ikizikosa inaweka fonti nyingine, na ikiwa herufi zake ni pana kidogo tu, neno la mwisho linashuka mstari wa chini, mistari inaongezeka, ukurasa unafurika.

Kwenye Ubuntu au Linux Mint, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Kisha funga LibreOffice na uifungue upya. Carlito ina upana sawa na Calibri, herufi kwa herufi. Caladea ni hivyohivyo kwa Cambria. Times New Roman na Arial zina mbadala wake, fonti za Liberation, ambazo kwa kawaida tayari unazo. Ukitaka kujua fonti ya mteja imo au haimo, weka kishale ndani ya maandishi na utazame kisanduku cha jina la fonti: jina likiwa limelala, haimo. “Calibri” itaendelea kuonekana imelala hata baada ya kuweka Carlito, hilo lisikusumbue. Carlito haisaidii kitu kwa Aptos, fonti ambayo matoleo mapya ya Word huanza nayo. Hapo mwombe mteja alete PDF.

Lawama nyingine ni ya mwandishi mwenyewe. Aliyesukuma sahihi hadi chini ya ukurasa kwa kubonyeza Enter mara kumi na tano atavurugikiwa hata akihama kutoka Word moja kwenda Word nyingine. Ukurasa mpya ni Ctrl+Enter. Sahihi mbili zinazokaa sambamba ziwekwe kwenye jedwali lisilo na mistari, zisipangwe kwa nafasi tupu.

Na wewe unapomrudishia kazi, usimpe .odt, aina ya faili ya LibreOffice yenyewe. Nenda Tools, Options, Load/Save, General, na kwenye “Always save as” uchague Word (.docx). Kwa maoni yetu, mpangilio huu ungestahili kuulizwa siku ya kwanza programu inapofunguliwa, badala ya kufichwa ngazi nne ndani.

Kompyuta ya ofisi ina Windows na Linux. Kila tukitoka Linux, saa ya Windows inarudi nyuma kwa saa 3.
*Karani wa shule, Morogoro*

Linux huandika saa ya UTC (saa ya kimataifa) kwenye ubao mama. Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa kwetu, ambayo iko mbele ya UTC kwa saa 3. Ukiwa Linux, andika `timedatectl set-local-rtc 1`. Ukiandika `timedatectl` peke yake baadaye utaona onyo, lisikusumbue. Rekebisha saa ya Windows mara moja, basi.

Nimeweka Fedora. Madirisha yana alama ya kufunga tu. Kitufe cha kushusha dirisha kiko wapi?
*Fundi, Mwanza*

Hakijaharibika, kimeondolewa makusudi. Fedora Workstation hutumia GNOME, mazingira ya mezani yanayosimamia madirisha na menyu, na tangu GNOME 3 ya mwaka 2011 waundaji wake wanaona dirisha halina haja ya kushushwa, bali uhamie eneo jingine la kazi. Wengi hawakukubali, na mazingira mengine, MATE na Cinnamon, yalizaliwa katika mabishano hayo. Sisi tuko upande wa waliokataa: mtu aliyezoea kitufe hicho kwa miaka hapaswi kutafuta amri ya terminali ili akipate. Amri yenyewe hii hapa:

`gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences button-layout ':minimize,maximize,close'`

Usiyependa terminali, weka GNOME Tweaks, ina swichi yake. Na ukimwekea Linux mteja asiyetaka masomo mapya, mpe Mint ya Cinnamon: menyu iko chini kushoto, vitufe vyote vitatu vipo.

Nanakili video kwenye flashi, kipimo kinafika mwisho, naichomoa. Nyumbani faili haifunguki.
*Mwanafunzi, Mombasa*

Kipimo kinapojaa, sehemu ya video huenda bado iko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Linux huipokea haraka, kisha inaiandika kwenye flashi taratibu, na flashi za bei rahisi huandika polepole mno. Bofya alama ya kutoa iliyo kando ya jina la flashi, usubiri hadi ujumbe useme unaweza kuichomoa. Kwa faili kubwa ya video zinaweza kupita dakika kadhaa bila chochote kuonekana kwenye skrini. Hiyo ni kasoro ya usanifu, tunakubali. Taa ya flashi ikiwa bado inapepesa, usiiguse.

Kama nakala inagoma kabisa na faili inazidi GB 4, flashi yako imeformatiwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili kubwa kiasi hicho. Hamisha vilivyomo, uiformati kwa exFAT.