Maswali ya Wasomaji: Diski Yangu Ni Mbovu, au Filamu Yenyewe Ndiyo Yenye Giza?

Barua tatu kati ya tulizopokea mwezi huu zinahusu filamu moja, El espíritu de la colmena, yaani Roho ya Mzinga wa Nyuki, aliyoiongoza Víctor Erice nchini Hispania mwaka 1973, kwa hiyo tumeona ni vyema tuzijibu kwa pamoja. Kwa ambaye hajaitazama: hadithi inatokea karibu na mwaka 1940, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimekwisha punde tu, katika kijiji kimoja cha nyanda za Castilla. Lori linaleta mikebe ya filamu, watoto wanalikimbilia wakipiga kelele, na jioni wanatazama Frankenstein ya mwaka 1931, filamu ya jitu lililoundwa na mwanasayansi, ndani ya ukumbi wa kijiji. Mtoto mmoja, Ana, anatoka pale akiwa na swali ambalo wakubwa hawamjibu, naye anaamua kulitafutia jibu peke yake.

Swali

Mhariri, salaam. Mwalimu wangu wa Kihispania aliisifu sana filamu hii, nami nikaagiza DVD yake kwa muuzaji wa mtandaoni. Picha ni ya manjano tangu mwanzo hadi mwisho, na kila tukiingia ndani ya nyumba kunakuwa na giza kiasi kwamba nilimwuliza mke wangu kama umeme umepungua nguvu. Nimepandisha mwangaza wa runinga mpaka mwisho. Giza limegeuka kijivu, na nyuso za watoto zinaonekana kama zimepakwa unga. Nilipolalamika, muuzaji alinijibu kwamba filamu za zamani ndivyo zilivyo. Je, nimeuziwa diski mbovu?
Msomaji, Tanga

Jibu

Ndugu msomaji, huenda diski yako ni mbovu, lakini hayo manjano na giza si ushahidi wake, na jibu la muuzaji wako nalo halina msingi wowote. Uzee haufanyi filamu iwe na giza. Negativu, yaani ile filamu ya awali iliyopita ndani ya kamera, ikiwa imetunzwa vizuri tangu mwaka 1973 inaweza leo kutoa picha safi kuliko iliyoonekana katika kumbi nyingi za wakati ule.

Tuanze na manjano. Nyumba ya Ana ina madirisha yenye vioo vya rangi ya asali, na vioo hivyo vimegawanywa kwa umbo la pembe sita, kama vyumba vya sega. Baba yake ni mfuga nyuki. Mpiga picha Luis Cuadrado alilitumia wazo hilo kwa ujasiri: mwanga unaoingia ndani unapita kwenye asali kabla ya kumfikia mtu yeyote, na familia nzima inaonekana ikiishi ndani ya mzinga, kila mmoja katika chumba chake, wakiongea kidogo mno. Diski ambayo imeyaondoa manjano hayo na kuziacha kuta ziwe nyeupe imeiharibu filamu, hata kama jalada lake linajisifu kwa rangi zilizosahihishwa. Inafaa pia kufahamu kwamba Cuadrado alikuwa anapoteza uwezo wake wa kuona katika miaka hiyo, na alifariki mwaka 1980. Sitaki kulifanya jambo hilo kuwa maelezo ya kila kitu, kwa kuwa watu wamelirudia mpaka limekuwa kama hekaya, lakini mtu aliyejua thamani ya mwanga kiasi kile hakuweka giza kwa uzembe.

Giza basi lipo na linatakiwa liwepo. Swali la kuiuliza diski ni hili: ndani ya giza hilo kuna kitu, au hakuna? Tafuta mahali ambapo Ana na dada yake Isabel wamelala katika vitanda viwili, mshumaa unawaka, na Ana anamwuliza dada yake kwa sauti ya kunong'ona kwa nini yule jitu alimwua msichana katika filamu waliyoitazama. Katika diski nzuri utauona mshumaa, shavu, mkunjo wa shuka, kisha ukuta ulio nyuma ukififia taratibu hadi weusi, bila mpaka unaoonekana. Katika diski mbaya mambo mawili hutokea. Ama weusi umekandamizwa, yaani kila kilichokuwa na kivuli kimekuwa wino mtupu na uso wa mtoto unaelea peke yake kama kinyago. Au pale ambapo giza linafifia utaona vibonge vya mraba vikichezacheza, mithili ya vigae vinavyojipanga na kujipangua, kwa sababu aliyeitengeneza diski alibana data kupita kiasi ili aokoe nafasi. DVD ya tabaka moja ina nafasi ya gigabaiti 4.7 tu, na ya matabaka mawili 8.5. Ukiikuta filamu yenye giza imesongwa pamoja na nyongeza chungu nzima katika tabaka moja, kaa chonjo.

Jaribio la pili ni la nje, mchana kweupe. Watoto wawili wanasimama juu ya mwinuko, kisha wanateremka mbio kuelekea zizi lililoachwa lenye kisima kando yake, katikati ya tambarare isiyo na mti. Kamera haisogei, na watoto wanazidi kuwa wadogo mpaka wanakuwa nukta mbili. Hapo ndipo diski nyingi huumbuka. Filamu ya selulosi ina chembechembe zake za asili, na baadhi ya watengenezaji huzichukia, wakazifuta kwa programu ya kompyuta ili picha ipendeze kwa mtu aliyezoea video za simu. Lakini programu hiyo haijui tofauti kati ya chembechembe na mtoto aliye mbali. Nimewahi kuona nakala ambayo miguu ya Isabel ilipotea kabisa kabla hajalifikia zizi, akawa anateleza juu ya majani kama jini. Anga isiyo na chembe hata moja, laini kama plastiki, si dalili ya ubora.

La tatu lichunguze kwenye yale madirisha. Angalia mistari myeusi inayounda pembe sita. Ikiwa kila mstari umezungukwa na mstari mwingine mwembamba mweupe, mithili ya mwangwi, basi mtengenezaji aliongeza makali ya picha kwa njia ya bandia. Kabla hujamlaumu, hata hivyo, hakikisha kwamba mkosaji si runinga yako. Runinga nyingi mpya hutoka dukani zikiwa na makali yaliyoongezwa, rangi zilizokolezwa na mfumo wa kulainisha mwendo, na mambo hayo matatu hufaa kwa mpira wa miguu tu. Kwa hiyo rudisha mwangaza ulipokuwa, chagua hali ya sinema kwenye rimoti, punguza makali hadi karibu na sifuri, zima ulainishaji wa mwendo, kisha subiri usiku na uzime taa za sebuleni. Niliwahi kununua nakala ya kanda ya video miaka mingi iliyopita, nikaitazama mchana madirisha yakiwa wazi, nikaandika kwa ujasiri wa ujana kwamba Cuadrado amesifiwa bure. Maneno hayo bado yananiaibisha.

Ukishafanya hivyo, na mshumaa ukaendelea kuelea katika wino, mrudishie muuzaji diski yake.

Swali

Mheshimiwa Mhariri, kwenye jalada la DVD yangu iliyotoka Ulaya imeandikwa dakika 98, lakini deki inaonyesha kwamba filamu inakwisha baada ya dakika 94. Isitoshe, picha imezungukwa na weusi pande zote nne, kana kwamba naitazama kupitia tundu la mlango. Rafiki yangu ana nakala ya Marekani ambayo inafika dakika 98. Je, yangu imekatwa na wadhibiti wa enzi za dikteta Franco?
Msomaji, Nairobi

Jibu

Hakuna kilichokatwa, ndugu yangu. Filamu iliyopigwa kwa ajili ya sinema huenda kwa picha 24 kwa sekunde, lakini mfumo wa runinga wa PAL, ambao umetumika Ulaya na kwetu Afrika Mashariki, huenda kwa picha 25. Njia rahisi na ya bei nafuu ya kuzioanisha ni kuikimbiza filamu kidogo, kwa takriban asilimia 4. Gawanya dakika 98 kwa 25, zidisha kwa 24, utapata 94 na sekunde chache. Jalada linataja urefu wa filamu ya ukumbini. Deki inasema ukweli wa diski. Mfumo wa NTSC wa Marekani haukimbizi filamu, badala yake hurudia baadhi ya picha kwa mpangilio maalumu, ndiyo maana nakala ya rafiki yako inafika 98, ingawa kamera inapogeuka taratibu utaona mtikisiko mdogo.

Dakika nne hizo hazina madhara katika filamu nyingi, na watu wazima wenye shughuli zao hawajali. Katika hii nazijali, kwa sababu Erice ameitegemeza kwenye kimya na subira, na kwa sababu kuikimbiza filamu hupandisha pia sauti. Usipoirekebisha sauti baada ya hapo, mnong'ono wa Ana unakuwa mwembamba zaidi, na muziki wa Luis de Pablo unapanda karibu robo tatu ya nusu toni. Mwenye sikio la muziki ataligundua hilo. Mwingine atahisi tu kwamba kila mtu ana haraka kidogo.

Kuhusu Franco, wasiwasi wako una historia. Viridiana ya Luis Buñuel ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1961, kisha ikapigwa marufuku nchini Hispania, na Wahispania hawakuiona katika kumbi zao mpaka mwaka 1977. Kwa filamu ya aina hiyo ni halali kabisa kuuliza nakala ilitoka wapi na ni nani aliyeishika. Lakini Roho ya Mzinga ilionyeshwa Hispania mwaka uleule wa 1973 na kushinda Kombe la Dhahabu la tamasha la San Sebastián, Franco akiwa bado hai na madarakani. Upungufu wa dakika nne hasa, sawa na asilimia 4, ni hesabu ya PAL na si mkasi.

Weusi wa pande nne ni kosa la kweli, na hapo una haki ya kunung'unika. Umbo la picha ya filamu hii ni 1.66 kwa 1, jembamba kidogo kuliko runinga za siku hizi. Diski iliyoandaliwa vizuri huijaza runinga yako kutoka juu hadi chini na kukuachia ukanda mwembamba sana mweusi kushoto na kulia. Yako iliandaliwa kwa ajili ya runinga za zamani zenye umbo la 4 kwa 3: weusi wa juu na chini umechorwa ndani ya picha yenyewe, na runinga yako pana inaongeza wa kushoto na kulia. Ubaya wake hauishii kwenye sura. DVD ya PAL ina mistari 576 ya picha. Katika nakala kama yako mistari 463 hivi ndiyo inayobeba filamu, na ile zaidi ya 100 iliyobaki inabeba weusi. Unaweza kuivuta picha kwa rimoti ikajaa, lakini mistari iliyokwisha kupotea hairudi, na wakati mwingine maandishi ya tafsiri yanazama chini ya kioo.

Swali

Assalaam alaykum. Nimepata nafasi ya kununua nakala moja tu. Nichukue toleo la DVD la kampuni ya Criterion ya Marekani la mwaka 2006, au nitafute Blu-ray ya Ulaya? Nina deki ya Blu-ray iliyonunuliwa hapahapa.
Msomaji, Muscat

Jibu

Waalaykum salaam. Tafuta Blu-ray. Kwa DVD dunia imegawanywa katika kanda nyingi: Marekani ni ukanda wa 1, Ulaya Magharibi na Mashariki ya Kati ni wa 2, na ndugu zako wa Afrika Mashariki wako ukanda wa 5, ingawa deki nyingi zinazouzwa madukani kwetu husoma zote bila kuuliza. Toleo la Criterion ni la diski mbili na la mfumo wa NTSC, linaheshimu umbo la 1.66, na kwa miaka mingi lilikuwa kimbilio la wengi; lakini deki yako isipokuwa ya kanda zote, huenda ikalikataa. Kwa Blu-ray, Oman, Ulaya na Afrika yote ziko katika kundi moja, B, kwa hiyo diski ya Ulaya itacheza kwako bila matata. Faida kubwa zaidi ni kwamba Blu-ray huweza kuhifadhi filamu kwa picha zake 24 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 98 zinabaki 98, na mistari inakuwa 1080.

Kabla hujalipa, soma nyuma ya jalada. Tafuta maelezo ya chanzo: kama wameandika kwamba picha imetolewa kwenye negativu ya kamera, hiyo ni nzuri, kwa maana kila nakala inayozaliwa kutoka nakala nyingine hupoteza vivuli kwanza, na filamu hii imejengwa kwa vivuli. Maneno kama "imekarabatiwa" bila kutaja imekarabatiwa kutoka wapi hayana uzito. Hakikisha pia kwamba kuna sauti ya asili ya mono, yaani ya njia moja, maana palipoandikwa 5.1 peke yake, yaani sauti ya spika nyingi, mtu ameitawanya sauti hiyo kwenye spika ambazo Erice hakuwa nazo. Mwisho, angalia lugha za maandishi ya tafsiri, kwa kuwa baadhi ya matoleo ya Hispania hayana hata Kiingereza, na sijakutana na toleo lolote lenye Kiswahili au Kiarabu.