Shirika "lisilo na faida" lina kazi gani?

Msomaji wa Morogoro, mhasibu wa asasi inayolea yatima, ananiuliza: "Tumeandika kwenye barua kwamba shirika letu lisilo na faida limepata msamaha wa kodi. Mwenzangu anasema msamaha ni wa mkosaji, nasi hatujakosa. Tuandike nini?"

Mwenzako aondoe shaka. Samehe tuliipata kwa Waarabu, na Waswahili huitumia kwa kosa na kwa deni vilevile. Mwenye duka husamehe deni. Shule humsamehe yatima karo, na yatima hajamkosea mtu. Msamaha wa kodi ni sahihi, uacheni ulivyo.

Kinachoniuma ni hayo maneno "lisilo na faida". Faida kwa Mswahili si fedha inayobaki baada ya gharama tu, ni manufaa. Dawa isiyo na faida humwagwa. Ng'ombe asiye na faida huchinjwa. Mwambie mtoto kwamba hana faida uone atakavyolia. Nanyi mnaowalisha watoto hao, mnawavisha na kuwasomesha, mnajiandika wenyewe, na muhuri juu yake, kwamba hamna faida! Mfadhili akisoma hivyo atoe fedha za nini? Nalikuta kosa hili kwenye mabango, kwenye ripoti, hata kwenye taarifa ya habari, na kila mara nakereka kama siku ya kwanza.

Tena hata kihesabu si kweli. Asasi yaweza kuuza mayai ya mradi wake ikafunga mwaka na ziada. Inachokatazwa ni wanachama kugawana ziada hiyo. Basi "isiyogawana faida" ndiyo kauli yenye ukweli. "Isiyolenga faida" nayo ni njema. "Lisilo la faida" naipitisha shingo upande, maana "la" inataja aina ya shirika, haitangazi upungufu wake.

Wala msikimbilie "shirika lisilolipa kodi". Hilo ni la mkwepaji. Hata asasi ya hisani inayotambuliwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 hukata kodi kwenye mishahara ya wafanyakazi wake na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Wakenya kodi hiyo wataiita ushuru, neno la Kiarabu la sehemu ya kumi. Sisi Watanzania ushuru tumeuacha zaidi forodhani na sokoni.

Andikeni: "Asasi yetu, isiyogawana faida, imepata msamaha wa kodi." Karatasi za zamani zilizobaki kabatini wapeni watoto wachoree upande wa nyuma.