Uliza Mpiga Picha: Je, ninunue D5 iliyotumika?

Swali

Assalaam alaykum dada. Napiga picha za mpira na za habari hapa Unguja, nalipwa kwa kila picha inayotumika. Nna Nikon D7200 na lenzi ya milimita 70-200 yenye tundu kubwa la f/2.8, nimezipata kwa kujibana miaka mitatu. Mchana zinanitosha. Shida ni usiku, hasa Januari kwenye Kombe la Mapinduzi pale Amaan. Picha zinatoka na chenga, na nyingine zinakuja za njano au za giza ilhali sikugusa kitu. Bwana mmoja anayeacha kazi hii ananiuzia Nikon D5 kwa shilingi milioni 4 na nusu, bila lenzi. Wenzangu wanasema megapikseli 20 ni za kizamani, bora nitafute kamera isiyo na kioo ndani (mirrorless), hata ya daraja la kati. Nishauri kabla sijatoa pesa, maana nusu yake ni ya mchezo wa upatu.

Mpiga picha, Mwanakwerekwe

Jibu

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu taabu hiyo naijua. Nilipoanza kupiga mpira gazetini hapa Dar es Salaam, usiku tuliishia ISO 1600 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi nuru) na kuomba mfungaji akimbilie upande wenye taa. Mwaka 2007 ukafunguliwa uwanja mpya wa Taifa, huu tunaouita leo Benjamin Mkapa, na mwaka huohuo, Agosti, Nikon wakatangaza D3, kamera yao ya kwanza ya dijitali ya fremu kamili, yaani yenye kihisi (kipande kinachopokea nuru) kikubwa kama fremu ya filamu. Ilichukua muda mpaka moja ikafika ofisini kwetu. Siku niliyokabidhiwa nilipandisha ISO hadi 6400, nikarudi na picha ya kipa aliyeruka hewani, kila kidole cha glavu kinaonekana. Ilichapwa nusu ukurasa. Kwa hiyo sitakuambia kwamba kamera haina maana na kila kitu ni jicho la mpigaji. Usiku kamera ina maana sana.

Sababu yake ni eneo. Kihisi cha D5 ni milimita 36 kwa 24, sawa na fremu moja ya filamu za zamani. Cha D7200 yako ni takriban 23.5 kwa 15.6. Ukizidisha utaona kile kikubwa kinakipita kile kidogo mara mbili na zaidi. Kwa kasi ileile ya shata (pazia linalofunguka kupitisha nuru) na tundu lilelile la lenzi, picha nzima inakusanya nuru zaidi ya mara mbili. Hapo ndipo chenga zinapopungua.

Lakini lipo jambo ambalo muuzaji hatakuambia, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Lenzi yako ya 200 kwenye D7200 inaona kama ya 300. Ukiifunga kwenye D5 inarudi kuwa 200. Yule winga aliyejaa fremu yako ataonekana yuko mbali. Utafika nyumbani, utamkata kwenye kompyuta mpaka awe mkubwa kama zamani, na hapo faida yote ya nuru umeitupa pamoja na zile pembe ulizokata. Nimewaona vijana wanaohama namna hii, wakatoa mamilioni, halafu picha zao zikabaki zilezile. Kama huna pesa ya lenzi ya 300 yenye f/2.8, na najua huna, basi miguu yako ndiyo ihame. Acha kukaa katikati ya uwanja. Kaa nyuma ya mstari wa goli, karibu na kibendera cha kona, uungoje mpira uingie kwenye boksi. Utazikosa picha nyingi za katikati. Za kwenye boksi zitakuwa zako, na hizo ndizo mhariri anazozitaka. Kikuza cha 1.4, kile kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, kitakupa 280, lakini kitakunyang'anya hatua nzima ya nuru, yaani nusu yake, nawe nuru ndiyo unayoinunua.

Hiyo njano na giza si kosa lako. Umeme wetu ni wa hertz 50, kwa hiyo taa nyingi hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/1000 inakata kipande kidogo tu cha mpwito huo, mara kileleni, mara bondeni, na rangi inabadilika vilevile. D5 ina mpangilio kwenye menyu unaosubiri kilele ndipo ipige. D7200 haina kwa picha za mnato. Ukiuwasha kwenye D5, kasi ya mfululizo inaweza kupungua. Mimi ningeuwasha.

Megapikseli 20 zisikutie unyonge. Faili la D5 lina pikseli 5,568 kwa 3,712. Ukilichapa kwa nukta 200 kwa inchi linapata upana wa sentimita 70, na hakuna ukurasa wa gazeti mtakaouchapa huko wenye upana huo. Tena faili dogo linatumwa haraka kwa bando la simu, na saa nne usiku, ukurasa ukiwa unasubiriwa, hilo ni jambo kubwa.

Sasa ipime. Usiipimie dukani wala sebuleni kwa mtu. Mwombe muuzaji mwende Forodhani jioni, jua likizama, wakati vijana wanakimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani. Funga lenzi yako mwenyewe. Weka shata 1/1000, f/2.8, ISO iende inakotaka. Chagua kijana anayekimbia kuelekea kwako, shika kitufe. D5 inapiga fremu 12 kwa sekunde na ina pointi 153 za fokasi, ila hesabu hizo ni za karatasi tu. Wewe piga mbio kumi za namna hiyo, nenda nyumbani, zikuze kwa asilimia 100, uhesabu ni ngapi zina macho makali. Fokasi ikikaa mbele au nyuma ya uso kila mara kwa kiasi kilekile, ni kurekebisha fokasi ya lenzi kwenye menyu tu. Ikiwa inayumba ovyo, mrudishie mwenyewe kamera yake.

Piga pia anga tupu kwa f/16 uone madoa kwenye kihisi. Shika kitufe mpaka kamera yenyewe ichoke, uone kama kadi zote mbili zinaandika bila kosa. Mwombe picha ya JPEG iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, uisome kwa programu ya ExifTool. Ndani yake mna idadi ya shata, na Nikon waliijaribu shata ya D5 hadi mara 400,000. Kamera ya mpira hufika laki mbili bila ajabu, kwa hiyo laki mbili isikutishe. Inayotisha ni ya laki tatu na tisini inayouzwa kwa bei ya kamera iliyopiga laki moja tu.

Na hapo Unguja angalia chumvi. Fungua mlango wa betri, uone kama kuna kijani kwenye vyuma. Chungulia kwenye kioo cha kutazamia dhidi ya anga jeupe kama kuna ukungu wenye nyuzi kama buibui. Bonyeza raba za mshikio uone kama zimevimba na kuachia. Niliwahi kununua bodi (kamera bila lenzi) iliyong'arishwa vizuri kutoka kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi pwani, nikaridhika na mwonekano. Mvua ya kwanza ya masika ikaizima katikati ya kipindi cha pili.

Muulize pia D5 yake ni ya kadi gani, maana zilitengenezwa za aina mbili, za CF na za XQD. Chukua ya XQD. Baada ya kusasishwa programu inasoma na CFexpress aina B, kadi ambazo kamera mpya zinatumia. Kadi zako za SD hazitaingia hata moja, basi ziombe kadi zake na betri mbili ziwe ndani ya bei ileile.

Jambo jingine wengi hulikuta wameshalipa: D7200 yako ina Wi-Fi ndani, D5 haina. Ina tundu la waya wa mtandao, au kifaa cha kurushia kinachouzwa peke yake. Nunua kisomea kadi kinachoingia kwenye simu, ujifunze kutuma picha ya kwanza kabla ya mapumziko. Kwa upande mwingine, D5 inakuwezesha kurekodi sauti fupi ikashikamana na picha. Goli likiingia, sema namba ya jezi na dakika. Ukiandika maelezo ya picha saa tano usiku utashukuru.

Kwa habari za mchana nikuonye. D5 kwenye ISO ya chini haivumilii kung'arishwa vivuli kwenye kompyuta kama kamera nyingine za wakati wake. Baraza la Idd, jua la saa tano, kanzu nyeupe na uso mweusi chini ya kofia: usiseme utarekebisha baadaye. Pimia uso, ukubali kanzu ipotee kidogo, au tumia flashi. Mimi nachagua uso siku zote. Watu wetu wamechapwa magazetini wakiwa vivuli kwa miaka mingi, na bado inaniuma nikiliona.

Nayo isiyo na kioo? Zile za juu, kama Nikon Z9 ya 2021 au Canon R3 ya mwaka huohuo, zinaipita D5 kwa fokasi, sibishi. Ila pesa yako haifiki huko. Za daraja la kati nilizozishika kwa mpira zilinionyesha, katikati ya mfululizo, fremu iliyokwisha kupita badala ya mchezaji alipo sasa. Tena lenzi yako ingehitaji adapta.

Ikifaulu Forodhani, inunue. D7200 usiiuze. Ifunge lenzi ya 50 yenye f/1.8, uining'inize shingoni kwa ajili ya mfungaji atakapokuja kushangilia miguuni kwako.

Swali

Habari dada. Nilipiga Safari Rally huko Naivasha kwa kamera isiyo na kioo niliyoazima, nikaiweka kwenye shata ya kimyakimya. Magari yamelala upande na magurudumu ni kama mayai. Tena vumbi limejaa kwenye kihisi. Ni ubovu wa kamera?

Msomaji, Nakuru

Jibu

Si mbovu. Shata ya kimyakimya haina pazia. Kihisi kinasomwa mstari baada ya mstari, na mstari wa chini unaposomwa gari limeshasogea. Rudisha shata ya pazia kwenye menyu, mayai yatakuwa magurudumu. Z9 imethubutu kuondoa pazia kabisa kwa sababu kihisi chake kinasomwa haraka mno, na Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, inasoma kihisi chote kwa mpigo mmoja. Ni ya kwanza ya fremu kamili kufanya hivyo. Gharama yake ni kwamba ISO inaanzia 250, jambo lisilokuhusu kwenye jua la Naivasha.

Vumbi la pale ni laini kama unga wa ngano na halisamehe. Usibadilishe lenzi barabarani, hata ukiwa ndani ya gari. Beba bodi mbili, kila moja na lenzi yake, asubuhi mpaka jioni. Usipulize kihisi kwa mdomo. Tumia pampu ya mkono, kamera ikiwa imeinamishwa chini.

Swali

Binti yangu yuko kidato cha tatu, anataka kuwa mpiga picha wa michezo. Nimnunulie kamera gani ya fremu kamili?

Mama, Tanga

Jibu

Bado, mama yangu. Mtafutie kamera ndogo iliyotumika na lenzi ya 50 yenye f/1.8, aanze na netiboli ya shuleni, amekaa chini ya goli. Baada ya kila mechi aandike majina ya waliomo kwenye picha, bila kukosea herufi. Akifikisha mechi ishirini, aniletee picha kumi anazozipenda, nitazijibu hapahapa moja moja.