Ukifika Unguja, ingia Darajani na kikapu

Rafiki zangu wa Dar wakiniambia wanavuka kwenda Unguja kupumzika, huwa nawauliza kama Darajani wataenda. Wengi hujibu kwamba watapita kupiga picha mbili tatu. Nami nawasihi wabebe kikapu. Lile ni soko la watu wanaotafuta kitoweo cha mchana, njia zake ni nyembamba, na mtu anayesimama katikati na simu juu anawazuia wenye shughuli zao. Nunua kitu kwanza, hata fungu la ndimu, msalimie muuzaji, muulize habari za leo. Picha utaiomba baadaye, na mara nyingi utakubaliwa kwa moyo mweupe. Ukikataliwa, shukuru uendelee.

Jengo lenyewe ni la mwaka 1904, enzi za Sultani Ali bin Hamoud. Hapo mbele palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, watu wakivuka kwa daraja. Mkono ule ulifukiwa, na leo inapita Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado wanaiita Creek Road. Ndiyo maana soko liko ukingoni mwa mji wa zamani na si katikati ya vichochoro vyake.

Nenda asubuhi, uanzie upande wa samaki. Sakafu huwa imelowa, kwa hiyo vaa kiatu kinachooshwa na usiburuze nguo ndefu. Huko kuna mnada, na kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya soko zima. Jodari amelazwa sakafuni, watu wamemzunguka, dalali anataja bei kwa kasi mpaka mgeni anapotea. Wanunuzi hawapigi kelele. Mmoja anainua kidevu tu, na bei imepanda. Kaa pembeni, usikilize, mikono yako itulie. Samaki wa nyumbani utawapata kwenye meza: changu, pono, nguru, pweza, ngisi. Tazama jicho liwe angavu na limejaa, fungua shavu uone wekundu, bonyeza nyama uone kama inarudi. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia kufanya hayo. Ukishanunua, omba wakupaie magamba na wakutolee matumbo palepale kwa malipo kidogo, hasa kama nyumba uliyofikia ina jiko dogo.

Nyama na kuku sina la kueleza sana. Matunda hutegemea msimu. Ukienda Desemba utakuta maembe ya kila aina, na muuzaji akiulizwa la kuliwa leo na la kuliwa kesho atakuchagulia mwenyewe.

Kwenye viungo, hapo fungua macho. Vile vipakiti vilivyopangwa vizuri kwa ajili ya wageni vinapendeza, lakini mimi nanunua viungo vizima, vya kupimwa. Bizari iliyosagwa huwezi kujua imekaa muda gani wala imechanganywa na nini. Karafuu ibonyeze kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta, na kichwa chake hakijapukutika. Iliki ipasue moja, mbegu ziwe nyeusi zenye unatonato na harufu ipande mara moja. Mdalasini uvunje kipande unuse.

Zafarani ninaizungumzia peke yake kwa sababu watu wanapoteza pesa. Zafarani hailimwi Zanzibar, na popote duniani ni ghali, kwani kila ua hutoa nyuzi tatu tu, zinazochumwa kwa mkono. Ukiona imejazwa kwenye mfuko kwa bei ya manjano, basi hiyo ni kitu kingine. Omba uzi mmoja uutie kwenye maji ya uvuguvugu: ya kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole na uzi hubaki mwekundu. Ya bandia humwaga rangi yote papo hapo.

Kuhusu bei, bishana kwa upole. "Nipunguzie kidogo, mama" inafika mbali kuliko kununa. Mkikubaliana, omba akuzidishie, wala usione haya. Lakini mzee aliyepanga mafungu matano ya pilipili kwenye gunia mlipe alichotaja.

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanawake na wanaume, kwani huo ni mji wa Waislamu na watu wanatoka msikitini. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana. Njoo alasiri, soko linapochangamka kwa mihogo, magimbi, ndizi na tende za kufuturu.

Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tenga siku nyingine kwa ajili yake. Pale panataka utulivu, na haifai kuingia na mfuko wa samaki mkononi.