Maswali yenu kuhusu homa ya manjano na mbu wa mchana

*Mwanangu ametimiza miezi tisa, wanataka kumchoma chanjo ya homa ya manjano. Imetoka wapi? (Mama wa Katuba)*

Mama, chanzo chake ni mgonjwa wa Gold Coast, Ghana ya leo. Mwaka 1927 kijana aitwaye Asibi alishikwa na homa. Watafiti wakamtoa damu, wakamdunga tumbili. Asibi alipona, tumbili hakupona, na virusi vikapatikana. Kazi hiyo iliwaua waliokuwa wakiifanya: Adrian Stokes alifia Lagos mwaka huohuo, Hideyo Noguchi akafia Accra mwaka 1928, wote kwa homa waliyokuwa wakiichunguza. Max Theiler, mzaliwa wa Afrika Kusini, naye aliugua, akapona. Yeye na wenzake huko New York walivihamisha virusi vya Asibi mara nyingi kutoka tishu hadi tishu, za panya na za vifaranga ambao hawajaanguliwa, mpaka vikaisha makali. Mwaka 1937 ikapatikana chanjo ya 17D, na ndiyo hiyo atakayochomwa mtoto. Theiler alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1951. Asibi hakupewa kitu, nami naona jina lake lilistahili kujulikana katika kila kituo cha afya hapa Lubumbashi. Mpeleke mtoto, mama.

*Kadi yangu ya chanjo hiyo ni ya 2012. Mpakani Kasumbalesa watanirudisha? (Papa dereva)*

Hapana, papa. Tangu Julai 2016, kanuni za afya za kimataifa zinaitambua kadi hiyo maisha yote. Itunze tu isilowe.

*Sisi wote tunalala ndani ya chandarua. Bado tuogope?*

Chandarua msiache, malaria ipo. Lakini mbu wa homa ya manjano, Aedes aegypti, mwenye mistari myeupe miguuni, huuma mchana, mama akiwa anafua, watoto wakicheza uani. Huyohuyo hueneza pia homa za denge na chikungunya. Bomba likikauka tunajaza mapipa na bidoni, naye anapenda hasa maji hayo safi. Kumwaga hakutoshi. Tazama ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji yalipofika: vidoa vyeusi vidogo sana. Hayo ni mayai, na hukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji. Sugua kwa brashi, suuza, kisha funika vizuri.

*Nimepimwa, malaria hakuna, lakini homa haishuki na viungo vinauma. Nimeze aspirini?*

Usimeze, wala ibuprofeni. Ikiwa ni denge, zinaweza kuzidisha kutokwa damu. Tumia parasetamoli kwa kipimo chake, kunywa maji mengi, rudi kwa daktari. Macho yakigeuka manjano, au fizi zikitoa damu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.