Kwa nini bati linalong'aa bado linachemsha nyumba

Ndugu, umeuliza mbona bati lako jipya linang'aa kama kioo na bado mchana ndani hakukaliki. Kung'aa peke yake hakutoshi. Kitu chochote kikipigwa na jua hurudisha sehemu ya mwanga na kunyonya uliobaki, kisha joto hilo linatakiwa litoke, sehemu yake kwa mionzi tusiyoiona kwa macho. Hapo ndipo bati tupu linapokwama: linarudisha mwanga mwingi, ila kile kidogo linachonyonya linakitoa kwa shida sana, basi linazidi kupata moto. Rangi nyeupe ikiwa safi inarudisha karibu asilimia 80 ya mwanga na joto lake inalitoa upesi. Saa nane mchana gusa bati lililopakwa nyeupe, kisha gusa lenye kutu. Kwenye la kutu huwezi kuacha kiganja. Kwa hiyo paka nyeupe, ioshe vumbi likishika, na uweke dari. Dari usiidharau hata kidogo, maana bati likishapata moto huwamwagia mionzi mliokaa chini yake hata madirisha yakiwa wazi na upepo unapita.